Fedha za mradi zinatoka DRDO ya India: nijiunge au niache?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya uhandisi wa elektroniki hapa Dar es Salaam na nimepata nafasi ya kusoma uzamili India. Profesa aliyekubali kunisimamia ana mradi wa droni inayojiongoza bila GPS. Nilifurahi, maana ndoto yangu ni kurudi kupima mikoko ya Rufiji kwa droni. Lakini mwisho wa maelezo ya mradi kumeandikwa kwamba fedha zinatoka DRDO. Baba alipojua kuwa hao ndio wanaotengeneza makombora ya India, akasema hakunisomesha ili nikaunde mabomu. Kaka yangu anasema nikijiunga nisahau viza ya Marekani maisha yangu yote. Rafiki yangu aliyesoma huko anacheka tu, anasema siku hizi kila teknolojia ina matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi, nisome nirudi nyumbani. Nimsikilize nani?"*

Marahaba, binti. Baba yako ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa uamuzi wake si lazima uwe wako. Kaka yako ametia chumvi. Rafiki yako ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu maneno yake yana ukweli wa kutosha kukufanya utie sahihi karatasi bila kuisoma.

Tuanze na DRDO yenyewe. Ni shirika la utafiti wa ulinzi lililo chini ya Wizara ya Ulinzi ya India. Liliundwa 1958 kwa kuunganisha vitengo vya ufundi vya jeshi na taasisi ya sayansi ya ulinzi, na leo lina maabara zaidi ya 40, kuanzia Hyderabad na Bengaluru hadi Leh kule juu milimani. Makombora ni kazi yake, tena hailifichi jambo hilo. Prithvi lilirushwa kwa mara ya kwanza 1988, Agni 1989, na BrahMos, ambalo ni la ubia na Urusi, 2001. Machi 2019 walirusha kombora likapiga satelaiti ya India yenyewe ikiwa angani, karibu kilomita 300 juu ya ardhi. Kwa hiyo alichosoma baba ni kweli.

Ila shirika hilohilo lina maabara Mysore inayopika. Kazi ya watafiti wake ni kuhakikisha chapati ya askari aliye mpakani inakaa muda mrefu bila kuota ukungu. Wenzao walikuwa na kazi isiyo na harufu nzuri: kwenye baridi kali ya Himalaya kinyesi cha askari hakiozi, kwa hiyo wakatafuta bakteria wa kukisaga. Bakteria hao wakaishia kwenye matangi chini ya mabehewa ya reli za India, vyoo zaidi ya 200,000, mahali ambapo zamani uchafu ulidondokea relini moja kwa moja. Wapo wasioridhika. Watafiti wa IIT Madras, chuo hichohicho kilichofungua tawi Zanzibar mwaka 2023, waliyapima maji yanayotoka kwenye matangi hayo wakasema hayana nafuu kubwa kuliko ya tangi la kawaida la maji taka.

Watu wengi wakitaka kueleza teknolojia ya matumizi mawili hukimbilia mfano wa kisu: kinakata nyanya, kinaua mtu. Mimi siupendi mfano huo. Hakuna nchi inayokuuliza kisu chako kina makali kiasi gani kabla ya kukuuzia. Kwenye kazi unayoiendea wewe wanauliza, tena kwa namba. Afadhali nikupe mfano wa mtu.

A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007, aliongoza kwanza mradi wa roketi ya kiraia iitwayo SLV-3, iliyopeleka satelaiti angani 1980. Mwaka 1982 akarudi DRDO, Hyderabad, kusimamia makombora. Agni liliporuka 1989, hatua yake ya kwanza ilisukumwa na mota iliyotokana na ile ya SLV-3. Roketi ya kubeba satelaiti na kombora la kubeba kichwa cha vita zinahitaji karibu ufundi uleule ili kuondoka ardhini, na kinachotofautiana ni kilichowekwa juu na mahali panapokusudiwa kufikiwa. Baadaye mkondo ukageuka. Malighafi nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya kombora ikatumika kutengeneza vifaa vya kushikilia miguu ya watoto wenye polio katika hospitali ya hapohapo Hyderabad. Mtoto aliyekuwa akiburuta vyuma vya kilo 3 hivi akapata vya gramu 300 au 400. Kalam aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni. Mimi naichukulia hivi: maarifa yalivuka kutoka kwa raia kwenda jeshini, yakavuka tena kurudi, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeamua yavuke.

Sasa mradi wako. Mfikirie nahodha wa jahazi usiku wa mawingu, hana nyota wala haoni taa ya pwani. Anajua alitoka wapi, anaelekea upande gani, anakwenda kasi gani, na muda uliopita. Kwa hayo anakisia alipo. Droni isiyo na GPS, yaani isiyopokea mawimbi ya satelaiti ya kuionyesha ilipo, hufanya vivyo hivyo kwa kutumia akselerometa, inayohisi mwendo ukiongezeka au kupungua, na jairoskopu, inayohisi kugeuka. Kompyuta hujumlisha vipimo hivyo mara mamia kwa sekunde ili kujua ilipo.

Tatizo ni kwamba inajumlisha na makosa pia. Tuseme akselerometa yako inakosea kwa sehemu moja tu kati ya elfu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwa dakika moja utakuwa umepotea kama mita 18. Kwa dakika 10 hutapotea mita 180 kama wengi wanavyodhani. Utapotea karibu kilomita 1.8, kwa sababu kosa hilo hukua kwa mraba wa muda. Ndiyo maana kihisi kilicho ndani ya simu yako na kile kilicho ndani ya kombora vinafuata fizikia ileile lakini kimoja ni cha dola chache na kingine ni bei ya gari. Unapolipia kihisi ghali unalipia kosa dogo. Profesa wako bila shaka anajaribu kulipunguza kosa kwa njia ya bei nafuu: kamera inayoitazama ardhi na programu inayolinganisha picha.

Hapo ndipo namba zinapoingia. Kuna makubaliano ya nchi kadhaa ya kudhibiti teknolojia ya makombora yaliyoanza 1987, India ikajiunga 2016. Mstari wao mzito umechorwa kwenye chombo kinachoweza kubeba kilo 500 kwa umbali wa kilomita 300. Chini ya mstari huo kuna orodha ndefu ya vipuri, na kila kipuri kina kiwango chake: jairoskopu yenye kosa dogo kuliko hili, akselerometa yenye kosa dogo kuliko lile, kipokezi cha GPS kinachoweza kufanya kazi kwenye kasi inayozidi mita 600 kwa sekunde. Wanafunzi wanaorusha maputo ya hali ya hewa hukutana na masharti ya namna hii bila kutarajia: puto likipita kilomita 18 hivi, baadhi ya vipokezi hunyamaza. Havijaharibika. Vilitengenezwa vinyamaze.

Mimi mwenyewe miaka iliyopita niliagiza kihisi kimoja tu kwa ajili ya boya la kupima mawimbi. Muuzaji wa Ulaya akanitumia fomu ya kueleza nani atakuwa mtumiaji wa mwisho, kitafungwa wapi, na niahidi kwamba sitamuuzia mtu mwingine. Boya! Nilicheka, kisha nikasubiri miezi minne. Baadaye nikaona mantiki yake. Kihisi chenyewe hakisemi kitafungwa wapi, kwa hiyo anayekidhibiti hutazama mambo mawili anayoweza kuyaona: kiwango chake na mkono unaokipokea.

Kwa msingi huo rafiki yako amekosea. Si kila kitu kina matumizi mawili kwa uzito uleule. Droni ya kupiga picha za harusi na droni yenye uwezo wa kuruka saa nzima bila GPS na kufika ilikokusudiwa, kwa macho ya sheria ni vitu viwili tofauti hata kama umbo ni moja.

Na hapa lazima nikuudhi kidogo. Kwa kazi ya mikoko ya Rufiji huihitaji teknolojia hii. Watu wanataka droni isiyotegemea GPS hasa kwa sababu katika vita mawimbi ya GPS huzibwa makusudi. Vita ya Ukraine imelionyesha jambo hilo kila siku. Kule delta hakuna anayekuzibia GPS. Unachohitaji ni kituo kidogo cha ardhini cha kusahihisha vipimo vya GPS hadi sentimita, kamera nzuri, na mtu anayejua miti. Zanzibar walipoanza 2016 kupima visiwa vyao kwa droni, wakishirikisha wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walitumia droni nyepesi za kawaida zilizoongozwa na GPS. Droni zilizoanza mwaka huohuo kupeleka damu hospitalini Rwanda nazo hufuata GPS.

Yapo matumizi ya kiraia ya kujiongoza bila GPS, tena mazuri: ndani ya migodi kama ya Mererani, chini ya madaraja, ndani ya maghala makubwa. Ukivutiwa na hayo, vizuri. Lakini usijidanganye kuhusu anayelipa. DRDO inalipia droni isiyopotea inapozibwa masikio, na askari ndiye atakayeitumia kwanza. Baba yako alilinusa hilo bila kusoma uhandisi.

Kuna jambo ambalo hakuna kati yao aliyekuambia: huenda usiruhusiwe kuugusa mradi huo kabisa. Nafasi za utafiti ndani ya maabara za DRDO zenyewe ni za raia wa India. Fedha zake zikienda chuo kikuu huenda na mkataba, na mkataba unaweza kusema nani aione data na nani asiione. Ni kawaida profesa kuwa na miradi mitatu au minne, mmoja wa wizara ya ulinzi, mwingine wa kilimo, na mwanafunzi mgeni akawekwa kwenye wa kilimo. Inawezekana umekosa usingizi kwa ajili ya mlango uliofungwa tayari.

Kama haujafungwa, jambo litakalokugusa mapema ni tasnifu yako. Baadhi ya mikataba ya aina hii inataka kila andiko lipitiwe na mfadhili kabla ya kuchapishwa. Ukichelewa kuchapisha, umechelewa kuhitimu au kuomba shahada ya uzamivu. Na miradi ya ulinzi haina haraka. India iliidhinisha ndege yake ya kivita, Tejas, 1983. Ikaruka mara ya kwanza 2001. Injini ya Kaveri iliyokusudiwa kuiendesha ilianza 1989, na mpaka leo Tejas inaruka kwa injini ya Marekani. Siwadharau, injini ya jeti ni kazi ngumu kuliko nyingi nizijuazo. Wewe lakini una miaka miwili tu.

Jingine ni kurudi nyumbani. India ina sheria ya mwaka 2005 kuhusu silaha za maangamizi na vyombo vya kuzifikisha, na ina orodha yake ya vitu, programu na teknolojia visivyotoka nchini bila leseni. Wengi hudhani kusafirisha maana yake ni sanduku na meli. Msimbo wa kompyuta uliotumwa kwa barua pepe ni usafirishaji. Mchoro ulio kwenye kompyuta ya mkononi unayopanda nayo ndege Mumbai ni usafirishaji. Maarifa yaliyo vitabuni na kwenye majarida ya wazi ni yako, hakuna atakayekugombeza. Msimbo wa mradi wa DRDO si wako hata kama uliuandika wewe usiku kucha. Hapo ndipo "soma urudi" ya rafiki yako inapoweza kukuponza. Ukifika Tanzania nako, droni hairuki bila kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na idhini ya vyombo vya ulinzi, na Kenya wana kanuni zao za 2020.

Kuhusu viza, kaka yako hakubuni hofu yake kutoka hewani. Baada ya India kujaribu mabomu ya nyuklia Mei 1998, Marekani iliziweka maabara nyingi za DRDO kwenye orodha ya taasisi zisizouziwa teknolojia bila leseni. Januari 2011 DRDO ikaondolewa. Orodha hizo huhusu biashara na taasisi. Hazikufanywa kwa ajili ya kuwafungia mlango wanafunzi. Kinachoweza kukutokea ni hiki: afisa wa ubalozi anaona fani yako ni mojawapo ya zile nyeti, anaomba maelezo ya utafiti na wasifu wako, na ombi linakaa wiki au miezi kwenye uchunguzi. Inachosha, lakini si kufungiwa maisha. Kinachofunga mlango kweli ni kudanganya kwenye fomu. Ukiulizwa nani alifadhili, andika DRDO.

Nikiongea na vijana wanaokwenda China huwa mkali zaidi. Baadhi ya vyuo vya huko vilivyo karibu na jeshi, kama Harbin Institute of Technology, viliwekwa kwenye orodha hiyohiyo ya Marekani mwaka 2020, na hali yake ya leo si kama ya India. Chuo kinaweza kuwa kizuri sana darasani na bado jina lake likakuletea maswali miaka kumi baadaye. Ni bora kulijua hilo kabla ya kupanda ndege.

Basi njia zako ni zipi? Ya kwanza, na ndiyo ningekushauri, ni kumwandikia profesa sasa, kwa adabu na bila kuzunguka: mwanafunzi asiye raia wa India anaruhusiwa kwenye mradi huu? Nitachapisha kwa uhuru? Kuna mradi mwingine katika maabara yako, wa ramani au wa kilimo, ninaoweza kuufanya? Profesa mzuri hatachukia. Amejibu maswali hayo mara nyingi. Akikukwepa, au akikuambia usijali utayajua ukifika, hilo ni jibu pia, na mimi ningetafuta msimamizi mwingine katika chuo hichohicho kabla ya kukiacha chuo.

Njia ya pili ni kuingia kwenye mradi wenyewe kwa macho mawili, ikiwa unaruhusiwa na moyo wako umeridhia. Utajifunza mengi, hesabu za kuchuja makosa ya vihisi zitakulisha popote. Utatoka pia na karatasi ulizosaini na mipaka ya kudumu juu ya kile unachoweza kukisimulia. Ya tatu ni kuacha kabisa. Wala si aibu. Wahandisi wengi ninaowaheshimu hawagusi kazi za silaha, na hawajafa njaa.

Sasa baba. Usiende kwake na hoja ya vyoo vya treni na miguu ya watoto wa polio, ataona unamzunguka. Mwambie ukweli kwamba mradi huo ni wa kijeshi, kisha muulize kwa upole: ningepata kazi Nyumbu pale Kibaha, au Mzinga kule Morogoro, ungenikataza? Hizo ni taasisi zetu za jeshi, na Nyumbu watu wanaijua zaidi kwa magari kuliko kwa bunduki. Huenda akasema hapana, jeshi la kwetu ni la kwetu, hao wengine sijui watampiga nani. Akisema hivyo usimshinde kwa maneno. Jibu hilo lina uzito wake, kwa sababu mtumiaji wa mwisho ndiyo swali lilelile ambalo muuzaji wa kihisi changu aliniuliza kwa fomu.

Mimi siwezi kukusomea mkataba kwa barua. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya kutunza siri, nenda nayo kwa mwanasheria hapa Dar, umlipe saa moja, akueleze nini kinakufunga baada ya kuhitimu. Ithibati ya chuo kaulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mapema, usisubiri urudi na cheti. Ukishafika India, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo ndiyo ya kwanza kuendewa, na kwenye ubalozi wetu New Delhi ujiandikishe wiki ile ile unayofika. Na kuna hali mbili ambazo hazisubiri ushauri wa mtandaoni: mtu yeyote akishika pasipoti yako "kwa usalama", au mtu yeyote, awe Mhindi, Mtanzania au nani, akikuomba umbebee kifaa, diski au mchoro kwenye mzigo wako. Hapo unakwenda ubalozini siku hiyohiyo kwa miguu yako.

Profesa akikujibu, niandikie. Jina la mradi na masharti aliyokueleza vinatosha. Hati zenyewe usinitumie.